Barafu Inayounguza

Kitabu nilikisoma nimekalia kreti,
Mwaloni Kirumba, zamu ya usiku,
vidole vimekufa ganzi kwa barafu ya sangara.
Kurasa zikavimba. Zinanuka shombo hadi leo.

Mtu mmoja, meli imezama,
mwamba katikati ya bahari iliyoganda.
Siku hamsini na moja.
Mwandishi hana haraka naye:
kiu peke yake imekula kurasa arobaini,
nami usiku ule nikanywa maji mara tatu,
nikaona haya kuyatema ya kusukutulia.
Aliandika kwamba barafu haipoozi, inaunguza.
Hapo nikamwamini.
Asiyeishika angesema inang'aa.

Kwenye filamu inang'aa.

Tulilipa mia tano mia tano bandani kwa Nyanzobe, Igogo,
mabati pande tatu, ukuta wa nne ni jiwe la mlima lenyewe,
feni moja inayokohoa.
Bahari ikatokea, buluu ya kufulia.
Siku ya thelathini jamaa ana meno yote,
ndevu zimechongwa.
Wamempa mbwa, ambaye kitabuni hayupo,
na mchumba wa kumkumbuka kila jua likizama.
Kiu ilichukua muda wa kumenya chungwa.
Najua, kwa sababu jirani yangu alikuwa analimenya,
na hakulimaliza, mvua ikanyesha.

Nilitaka kusimama niwaambie:
jamani, huyu alikula mkanda wake wa ngozi,
kurasa sita, tundu baada ya tundu,
bizimu akalibakiza, akawa anazungumza nalo.
Nikakaa. Nani angenisikia, na Masalu ana maiki?

Masalu hutafsiri lugha asizozijua.
Kikorea, Kirusi, Kihindi,
vyote vinamtoka kwa lafudhi ya Sengerema.
Kimya ndicho kinachomshinda.
Jamaa katulia tu, kamera inamzunguka, vinanda vinalia,
Masalu akasema: "Hapa anapiga hesabu.
Anadaiwa elfu sabini, duka la nyavu.
Anaona afadhali asife nalo, deni hili."

Nikashtuka. Ukurasa wa themanini na nane!
Si nyavu, ni buti, lakini deni lilikuwepo:
mtu anaikatalia roho yake isitoke
mpaka buti zilipwe.
Wenye filamu walilitupa.
Na Masalu kitabu hajawahi kukitia machoni.

Umeme ukakatika.
Nyuma wakaanza, rudisha hela, rudisha hela,
na gizani, bila maiki, Masalu akaendelea.
Akasema baridi huanzia masikioni.
Akasema dumu la lita ishirini,
ukilikumbatia usiku kucha, linaota mapigo ya moyo.
Akasema taa za Kome unaziona, kabisa,
hata redio ya mtu unaisikia inatangaza vifo,
na huwezi kuita, ulimi umejaa mdomo.
Akasema walikuwa watatu.
Akanyamaza hapo, kisha akasema:
mbwa hakuna.

Hakuna aliyedai hela.

Umeme uliporudi, kijana wa mitambo akaruka mbele kwa kubahatisha,
jamaa akatua bandarini, anakumbatiwa, mbwa anatikisa mkia.
Masalu akawasha maiki, akakohoa.
"Basi. Kaokolewa."
Hakuongeza neno mpaka majina yakaisha kupanda.

Kesho yake nikampelekea kitabu.
Alikipima mkononi kama anayenunua samaki,
akauliza: humu naye anaokolewa?
Nikamwambia karatasi za mwisho zimegandana kwa maji,
ukizibandua zinachanika, mimi sikufika.
Akatazama ziwa, akatazama kitabu.
"Basi niachie."

Maktaba ya mkoa wananidai faini.
Kila wiki inapanda.
Masalu sijamwambia. Nampita pale mlangoni kwake asubuhi,
namwona kainama, kidole kwenye mstari,
midomo inachezacheza,
na sauti haitoki.